Maksai Aliyepakwa Dawa ya Milembe

Ukifika Sapiwi ukauliza kwa Shigela Masele, watakuonyesha kwa mkono na kukuongezea sifa ambazo hukuziomba. Watasema ni mtu wa watu. Halewi, hagombani mnadani, anawaamkia hata watoto wadogo, na maksai wake wamelima nusu ya mashamba ya pale. Yote hayo ni kweli na sikatai hata moja. Nilikaa naye tangu nikiwa msichana mpaka nywele zilipoanza kunigeuka rangi. Nataka tu kuongeza yale ambayo watu wa Sapiwi hawayasemi, kwa kuwa hawayajui, au kwa kuwa wanayajua na wanayaona madogo.

Shigela ni mrefu, mwembamba, ana sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Sauti hiyo aliipata zizini. Maksai hawapendi kelele, na yeye tangu utoto alilala karibu na ng'ombe kuliko alivyolala karibu na watu. Asubuhi akitoka ndani haangalii kama moto umewaka wala kama kuna mtoto anayekohoa. Anakwenda zizini. Anawapapasa maksai shingoni, pale inapokaa nira, kuona kama pamechubuka. Anainua kwato moja moja. Anawatazama mdomoni. Akimaliza ndipo anarudi kutuamkia mwangaluka, ananuka samadi, na sisi tunaitikia tumepiga magoti, uji wake uwe umeshapoa kiasi anachotaka.

Maksai wake wa mbele alimwita Meneja, kwa sababu, alisema, huyu hata akisimama tu wenzake wanafanya kazi. Aliyefungwa naye nira moja akaitwa Karani. Watu walicheka, majina yakaenea. Mnadani Dutwa wanaume walikuja kumzunguka Meneja wakimtazama kama bibi harusi, na Shigela akasimama pembeni kimya, anafurahi kwa macho. Mimi miaka ile aliniita "wewe". Nilipozaa binti wa kwanza akaanza kuniita mama Sayi, nikadhani nimepanda cheo.

Nilimzalia mabinti watatu. Wawili wa kwanza waliolewa mapema, ng'ombe zao zikaingia zizini, naye akazipokea kwa sauti ile ile. Wa tatu ni Milembe. Ni kwa ajili ya Milembe ninasimulia habari za mtu huyu.

Mvua za kulimia ziliponyesha mwaka ule, Milembe alikuwa anaanza kujua kukimbia. Zizi letu lilikuwa jirani na jiko, na mvua za kwanza zikilowesha samadi, inzi hutoka kama moshi. Hukaa kwenye vyombo, hukaa kwenye vidonda, lakini wanachokipenda zaidi ni macho ya watoto. Asubuhi moja Milembe aliamka kope zimegandana. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, yakatoka matongotongo ya manjano, mazito. Kesho yake yaligandana tena, na jicho la kulia likavimba kama lililoumwa na nyuki. Nikamfunga mgongoni nikaenda zahanati.

Nesi alimfungua jicho kwa vidole, akasema ni vijidudu, bado viko juu juu, vikiingia ndani itakuwa habari nyingine. Akanipa tyubu ndogo ya dawa ya mafuta. Mimi sijui kusoma, naye aliliona hilo, kwa hiyo akanionyesha kwa mikono yake. Kwanza unanawa. Unachemsha maji, yakipoa unaosha jicho kwa kitambaa safi, kutoka pembe ya puani kwenda nje. Unavuta kope la chini, unakamulia dawa kidogo, urefu wa punje ya mchele, na mdomo wa tyubu usiguse jicho. Asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala. Kisha akanishika mkono akasema jambo ambalo nililirudiarudia njia nzima: usiache likipata nafuu. Ukiliona limepona, ujue bado halijapona. Paka wiki nzima.

Nyumbani nilimweleza Shigela yote, ili siku nikichelewa shambani ampake yeye. Alisikiliza vizuri kuliko alivyowahi kunisikiliza. Hata aliuliza kwa nini mdomo wa tyubu usiguse. Nikamwambia ni ili uchafu wa jicho usiingie kwenye dawa. Alitikisa kichwa akasema walioitengeneza wana akili. Nilifurahi. Nilidhani anauliza kwa ajili ya mwanawe.

Dawa ile ni nzuri. Haikupita siku nyingi, jicho la kushoto likawa safi kabisa, na la kulia likafunguka, limebakiza wekundu tu pembeni. Wakati huo huo Meneja akaamka jicho moja limefumba, linachuruzika machozi mpaka kwenye taya, ukungu umeanza kutanda juu ya mboni. Ulikuwa ni mwanzo wa kulima. Shigela hakula siku hiyo.

Jioni nilipotaka kumpaka mtoto, tyubu haikuwepo juu ya ukuta nilipokuwa naiweka. Nilipekua nyumba nzima. Mwisho nikatoka, nikamkuta mume wangu zizini.

Alikuwa amemfunga Meneja kwenye nguzo, kichwa kimeinuliwa. Chini palikuwa na bakuli la maji ya uvuguvugu, na bakuli lilikuwa langu. Alinyofoa pamba, pamba nyeupe aliyoitoa mbegu kwa vidole, akachovya, akaosha jicho la ng'ombe kutoka pembe ya puani kwenda nje. Akavuta kope la chini. Akakamua dawa taratibu, akiangalia mdomo wa tyubu usiguse. Nesi mwenyewe asingepaka vizuri zaidi. Na alikuwa anamwimbia.

Nikamwambia hiyo ni dawa ya mtoto. Hakugeuka.

"Mtoto jicho limefunguka," alisema. "Iliyobaki ilikuwa ya nini?"

"Nesi alisema wiki nzima."

"Nesi ana shamba?" Akafunga kifuniko cha tyubu, akakikaza. "Mama Sayi, mvua imenyesha. Mtoto ana macho na Meneja ana macho, lakini mtoto halimi."

Nilijaribu kumnyang'anya. Aliinua mkono juu tu, bila hasira, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Akaitia tyubu kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Alilala na shati lile. Asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala alitoka kwenda kumpaka Meneja. Hata siku ya mvua kubwa alikwenda amejifunika gunia, tyubu kaificha kwapani isilowe. Hakuruka hata mara moja. Wiki ilipoisha ukungu wa Meneja ulikuwa umetakata, na dawa nayo imekwisha.

Wiki hiyo hiyo jicho la kulia la Milembe lilirudi kuvimba. Nilikwenda tena zahanati. Dawa hakuna, imekwisha, wanasubiri iletwe. Nesi akauliza ile ya kwanza niliitumiaje. Nilisema ukweli. Wagonjwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nesi hakucheka, alinigombeza kwamba dawa za watu si za mifugo, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nimeshika pembe. Akasema nimpeleke mtoto Bariadi, nisikawie. Shigela alisema baiskeli inabeba mbegu, na mikono yangu inahitajika kupanda, tukimaliza shamba la mtoni tutakwenda sote.

Hatukumaliza. Siku moja nikiwa shambani mama yake Shigela alikuja na majani aliyoyachuma mwenyewe, akayatafuna, akamkamulia mtoto maji yake jichoni. Nilimsikia Milembe akilia nikiwa mbali, nikatupa jembe nikakimbia. Mama mkwe alikuwa ameketi, ametulia, anasema dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Kulipokucha, katikati ya jicho palikuwa na weupe, kama ute wa yai lililochemshwa. Nilimbeba nikaenda kwa miguu mpaka barabarani, nikapata lori la Bariadi. Daktari alimmulika kwa muda mrefu. Alisema maradhi yatapona, lakini kovu lile limekaa mbele ya mboni na litabaki hapo. Jicho hilo halitaona.

Niliporudi, Shigela alikuwa anafungua nira. Hakuuliza daktari kasema nini.

"Mmerudi?" alisema. "Mpe Meneja maji."

Nikamtua mtoto. Mchi ulikuwa umeegemea kinu. Niliuchukua nikampiga Meneja usoni, nikilenga jicho lile alilolipaka. Nilikosa, nikampata kwenye mfupa chini ya pembe, akapiga magoti. Sijawahi kujuta, isipokuwa kwa kukosa.

Shigela hakunipiga. Watu humsifu kwa hilo pia. Aliita wazee, akachinja kuku, akawaeleza kwa upole mwanzo hadi mwisho, na hakusema uongo hata mahali pamoja. Wazee waliinuka mmoja mmoja kwenda zizini kumpapasa Meneja uvimbe, wanatikisa vichwa, kama watu waliokuja kutoa pole msibani. Milembe alikuwa mapajani mwangu, jicho jeupe limewaelekea. Hakuna aliyeinama kulitazama. Wakasema mwanamke anayempiga maksai wakati wa kulima amepiga chakula cha nyumba nzima, na kwamba niende kwetu nikapumzike. Nilipomfunga mtoto mgongoni, mzee mmoja akamfungua, polepole, fundo kwa fundo. Ng'ombe zilishakwenda kwetu, alisema. Mtoto ni wa baba.

Kwetu ni Sola, upande wa Maswa, kwa kaka yangu Mboje. Nililima pamba ya Mboje kwa chakula na mahali pa kulala. Kila baada ya mavuno nilikwenda Sapiwi kumwona Milembe, nikapewa kigoda na maji ya kunywa kama mgeni yeyote, nikaondoka kabla giza halijaingia. Watoto wa pale walimwita Chongo hata kabla hajajua kulitamka vizuri jina lake. Shigela alioa tena, msichana anayeitwa Winnie, akamzalia mtoto wa kiume. Milembe alipopata kimo kidogo akapewa kazi ya kuongoza maksai: anatangulia mbele ameshika kamba, baba yake nyuma ameshika plau. Alitembea ameupinda uso upande mmoja, kama kuku anayesikiliza, ili jicho la kushoto lione mbele. Upande wa kulia pembe zilimgonga mara nyingi, maana hakuziona zikija. Baba yake alimwambia awe mwangalifu.

Mwaka jana, mvua za kulimia zilipoanza, jirani yetu wa zamani Nyanjige alipiga simu ya Mboje akaomba kusema na mimi. Alisema nije, jicho la Milembe linaumwa. Nikamwuliza ni jicho lipi.

"Lilikuwa limebaki lipi, mayu?" alisema.

Nilipita Bariadi, kwenye duka la dawa la Maftaha. Alitaka amwone mtoto kwanza. Nilimwambia mtoto yuko Sapiwi na mimi sijamfikia. Akanipa tyubu, akaanza kunieleza jinsi ya kupaka, nikamwambia najua. Akasema kama kope zimevimba sana au jicho limekuwa na ukungu nisijitibie nyumbani, nimkimbize kwa daktari. Niliifunga tyubu kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

Shigela alinipokea kwa heshima zote. Aliniamkia mwadila, akanipa kigoda, akauliza habari za Mboje, za mvua ya Sola, za bei ya pamba kule. Ilinibidi niitikie yote. Milembe alikuwa ameketi kivulini, kitambaa kichwani kimeshuka mpaka puani. Nilipoinua kitambaa nilikuta jicho la kushoto limejaa, kope zimegandana, na kuzunguka jicho pana doa la rangi ya kahawia lililotiririka mpaka shavuni.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Mimi, mama yako."

"Mama, jua limeshazama?"

Ulikuwa mchana.

Nikauliza doa lile ni la nini. Shigela akafurahi kuulizwa. Alikwenda ndani akarudi na chupa ya dawa ya sindano ya ng'ombe, ile anayowachomea wa kwake na wa jirani. Alikuwa amelifikiria jambo hili, si mtu wa kukurupuka.

"Ya watu ilimponya Meneja," alisema. "Ya ng'ombe ina nguvu kuliko ile. Itashindwa na mtoto?"

Alinitazama kama mtu anayengoja kusifiwa. Shigela hakuwahi katika maisha yake kumtakia mtoto mabaya. Alikuwa anamtibu. Alimdondoshea sumu ile jichoni kwa mkono usiotetemeka, akimwambia kwa sauti ya chini atulie, na mtoto akatulia kwa kuwa ni baba yake.

Niliomba maji yaliyochemshwa. Nikaosha, nikasubiri magamba yalainike, nikaosha tena, mpaka kope zikaachana. Ndani kulikuwa kwekundu kama nyama, lakini mboni ilikuwa bado nyeusi. Nikavuta kope la chini nikaweka dawa. Milembe alishika kiwiko changu kwa nguvu, akasema anaona kidole.

Winnie alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Alikuja karibu na mwanawe kiunoni, na huyo naye macho yamejaa matongotongo, inzi wamekaa hawafukuzwi. Nyumba nzima ilikuwa inajifutia uso kanga moja.

"Dada, nitilie na huyu," alisema. "Kidogo tu."

Nilifunga kifuniko. "Zahanati iko pale pale ilipokuwa nilipokuwa naiendea mimi."

"Amesema mpaka tumalize shamba la chini."

"Basi malizeni. Mimi nilisubiri."

Aliinama akalia, mtoto naye akalia. Sikuifungua tena tyubu. Ilikuwa ndogo, na mtoto hakuwa wangu, na mama yake alikuwa na miguu. Kama kuna aliyewahi kunifungulia mimi kifuniko katika ua ule, na aje aniambie nilikosea.

Shigela alikuwa anaitazama tyubu mkononi mwangu. Akasema niiache, atawapaka wote wawili, kazi hiyo anaijua. Kweli anaijua. Nikageuka nikatazama zizini. Meneja wa zamani alikuwa ameshauzwa, na maksai mchanga aliyepewa jina lake alikuwa amesimama kwenye ua wa miiba, jicho linachuruzika. Nikaifunga tyubu kwenye pindo la kanga na kumwinua Milembe.

Nilimwambia Shigela naondoka naye. Dawa hii inataka wiki nzima, na katika nyumba hii haimalizi wiki.

Hakuinua sauti. "Ukivuka naye huo ua, ng'ombe zangu zirudi. Mwambie Mboje afungue zizi. Na Mboje atakufukuza."

"Anifukuze."

"Nani ataongoza maksai?" aliuliza, na hapo ndipo nilipoona kweli ameingiwa na wasiwasi.

"Macho yako mawili si mazima?" nilimwambia. "Tangulia mbele uwaongoze."

Tulitoka. Milembe alishika kanga yangu kwa nyuma na kunifuata hatua kwa hatua, kitambaa usoni. Tulipokuwa tumefika kwenye mashamba ya jirani nikasikia mtu anakimbia. Ni Winnie, peku, mtoto amemfunga vibaya mgongoni, kichwa kinaning'inia. Nyuma yake Shigela alisimama nje ya ua anamwita, lakini ile sauti yake ya zizini haikufika.

"Dada, nisubiri," Winnie alisema.

Sikumsubiri. Sikumfukuza pia. Tulitembea hivyo njia yote ya Dutwa, mimi na Milembe mbele, yeye nyuma na mtoto anayelia, na sikupunguza mwendo hata aliposimama kumnyonyesha. Milembe ndiye aliyeniuliza kama yule bado anakuja. Nikamwambia ana miguu.

Kituo cha afya cha Dutwa walimlaza Milembe chali, wakaliosha jicho kwa maji mengi, chupa juu ya chupa. Daktari akauliza ametiwa nini. Nilipomwambia, aliweka taa chini akanitazama. Dawa ile ilikuwa imeunguza juu ya jicho, alisema, ila maradhi hayajazama, na mafuta niliyotia yamesaidia. Akatupeleka Bariadi hospitali, wakatuongezea dawa nyingine, na ile ya mafuta wakasema iendelee mpaka mwisho. Hatukuwa na mahali pa kulala. Asumini, mwenye mgahawa karibu na stendi, alitupa chumba anachowekea mkaa, nikawa namwoshea vyombo. Asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala nilinawa masizi, nikachemsha maji, nikapaka. Jicho lilipofunguka likawa safi, Milembe alisema basi, mama, limepona. Nilimfinya paja, nikaendelea kupaka.

Jicho lilirudi. Halikurudi lote. Anaona sura za watu, anaona sahani yenye ukoko, lakini kutunga uzi kwenye sindano hawezi.

Mtoto wa Winnie alitibiwa pale Dutwa akapona upesi, na mama yake akarudi Sapiwi, kwa kuwa hana kwingine. Huko anawaambia watu kwamba mimi ningemwacha mwanawe apofuke kwa tone la dawa. Ni kweli, sijatuma mtu kukanusha. Mboje alimrudishia Shigela ng'ombe, akaniletea salamu kwamba nisikanyage Sola. Kwa hiyo tulibaki Bariadi, katika chumba cha mkaa, mpaka leo.

Palizi ya pamba ilipoanza, Shigela alikuja. Alivaa shati lililopigwa pasi. Alimwamkia Asumini, akawaamkia wateja meza kwa meza, akaketi akaagiza chai, na kabla haijafika mgahawa mzima ulikuwa umeshampenda. Akaniambia mbele yao kwamba anashukuru jicho limepona, nimefanya kazi nzuri, mambo ya ng'ombe na Mboje yanazungumzika. Sasa mtoto arudi nyumbani, pamba imezidiwa na magugu na maksai hawana mtu wa mbele.

Wateja waliona ni maneno ya busara. Mmoja alisema baba kama huyu ni wa kushukuru Mungu.

Milembe alitoka jikoni na chai yake. Alipiga goti akamwamkia kwa adabu, kama nilivyomfundisha. Shigela akamwekea mkono begani, akamwambia, "Mwanangu, jiandae twende." Alikuwa amekaa upande wake wa kulia.

"Baba," Milembe alisema, "upande huo mimi sioni. Hamia huku."

Shigela alisita. Ni kama alikuwa hajui, au alikuwa ameshasahau ni upande gani. Akainuka na kigoda chake, akazunguka meza, akaketi upande wa pili, na wateja wakasogeza miguu apite. Milembe akamsogezea uso karibu kabisa, kama anavyosogeza sahani, akamtazama. Alimtazama mpaka yeye akainamisha kichwa kwenye kikombe.

"Mimi sirudi," alisema.

Halafu akabeba vyombo vya meza ya jirani akaingia jikoni.

Shigela alikunywa chai yake mpaka mwisho, maana si mtu wa kuacha chakula. Akawaeleza waliokuwepo, taratibu, kwamba mji unawaharibu watoto. Wakamwonea huruma, wakamsindikiza mpaka kwenye basi la Dutwa. Mimi nilichukua kikombe chake mezani, nikamwambia Milembe asikiguse, nikakiosha peke yake kwa maji ya moto.